Kusini Kulikolipa: Safari ya Nandete, Nachingwea na Songea

Mabasi ya kusini huondoka Mbagala, Dar es Salaam, alfajiri. Yanapofika Ikwiriri jua limeshapanda, na wachuuzi wa korosho wanakimbilia madirishani. Mbele kidogo unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walingoja kivuko, na mvua zikizidi walingoja zaidi. Nalitaja daraja hili mapema kwa sababu ndilo lililonifungulia swali nililosafiri nalo. Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ilimwaga damu nyingi kuukataa utawala wa Mjerumani, kisha miaka 60 baadaye ikawa uwanja wa nyuma wa vita vya kumtoa Mreno Msumbiji. Kwa nini ndiyo iliyongoja muda mrefu hivyo kupata daraja, barabara ya lami, na hata kitabu cha kuisimulia?

Niliteremka Njia Nne nikapanda bodaboda kuelekea Kipatimu. Njia inapinda juu ya vilima vya Umatumbi, udongo mwekundu, mihogo huku na huku, minazi ikipungua kadiri unavyoiacha pwani. Chini ya vilima hivi yapo mapango makubwa, maarufu zaidi likiwa la Nang'oma, ambamo watu walijificha vita vya Maji Maji vilipowafika. Kijana aliyenibeba aliyajua kwa majina ya watu wa ukoo wake waliojificha humo. Alizaliwa karibu karne nzima baada ya vita vile, lakini aliyataja majina bila kusita.

Nandete ni kijiji kidogo. Kina mnara wa kumbukumbu, na mzee mmoja alikuwa ameketi barazani si mbali nao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuona mnara?"

Nikamwambia nimekuja kusikiliza.

"Basi kaa. Wanaokuja kuuona mnara hupiga picha wakaondoka."

Nikakaa. Alichonisimulia kilianza na pamba. Mwaka 1902 Gavana Gustav Adolf von Götzen aliamuru yaanzishwe mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, na kila mtu mzima alitakiwa kuyafanyia kazi siku 28 hivi kwa mwaka. Kwa karani wa Dar es Salaam siku hizo zilikuwa chache. Kwa mkulima wa Umatumbi ziliangukia palepale anapotakiwa awe shambani kwake usiku na mchana, akifukuza nguruwe na nyani wasile mahindi na mpunga. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya nyumba ya rupia 3, na kiboko kwa anayechelewa. Pamba ilipouzwa, fungu la mkulima lilikuwa dogo kiasi kwamba wengine walikataa kulipokea.

Mwishoni mwa Julai 1905 Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba la hapa Nandete wakang'oa mashina machache. Kung'oa huko kulikuwa tangazo la vita, na kila aliyeona alielewa. Siku chache baadaye akida wa Kibata alikuwa amekimbia, na maduka ya Samanga pwani yalikuwa yameteketea. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro. Yeye ndiye mtu wa Ngarambe aliyegawa dawa ya maji, iliyosemwa huzuia risasi, lakini walipomnyonga maji yalikuwa yameshavuka mito na makabila.

"Babu zetu hawakung'oa pamba kwa hasira tu," mzee alisema. "Walijua kitakachofuata. Walikuwa wameshaamua."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, kwa sababu shuleni wengi wetu tuliisoma Maji Maji kama hadithi ya watu waliodanganyika kwamba risasi zitageuka maji. Hata wanafunzi wanaosoma tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ambayo inalichimba jambo hili kwa kina, mara nyingi hutoka na swali lilelile: waliaminije? Jibu limo katika tarehe. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliivamia ngome ya Mahenge, na bunduki za mtombo zikawafyeka mchana kweupe. Tangu siku ile hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba maji hayazuii risasi. Hata hivyo vita viliendelea mwaka wote wa 1906, na sehemu nyingine hadi 1907. Watu waliendelea kupigana wakijua. Maji yalikuwa yamefanya kazi yake kubwa kabla ya Mahenge, nayo ni kuwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine ambao hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja wala bendera moja.

Mjerumani aliposhindwa kuwakamata wapiganaji msituni, aligeukia chakula. Maghala yalichomwa, mazao yakang'olewa, mbegu zikachukuliwa. Maofisa wake waliandika wazi kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu hawa. Takwimu za Wajerumani wenyewe zilitaja waliokufa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka vijiji hivi kukusanya masimulizi ya wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Nakubaliana zaidi na hesabu ya Gwassa. Mjerumani alihesabu maiti alizoziona, na njaa ilimalizia watu vichakani.

Magharibi ya vilima hivi kuna mbuga iliyoitwa Selous kwa miaka mingi, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii huambiwa ni pori lisiloguswa na binadamu. Sehemu za pori hilo zilikuwa mashamba na vijiji vya Wangindo na jirani zao. Vita na njaa viliwaondoa watu, mbung'o na tembo wakaingia, kisha serikali za kikoloni zikapiga mstari kulizunguka pori na kuwahamisha waliosalia. Nilimuuliza mzee kama aliwahi kuingia hifadhini. Akasema makaburi ya upande wa mama yake yako kule ndani, na kwamba siku hizi kuingia kunahitaji kibali.

Kutoka Umatumbi nilishuka tena barabara kuu hadi Lindi. Mji huu una uzuri wake, ghuba tulivu na nyumba kuukuu za pwani, ila sikukaa sana. Kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwake ni Tendaguru, mahali ambapo kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin walichimba mifupa ya dinosaria. Mamia ya watu wa hapa waliifukua na kuibeba mabegani hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, na mnyama mmoja mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 amesimama makumbusho ya Berlin hadi leo. Fikiria ni nani waliobeba. Walikuwa watu waliotoka kuzika nusu ya koo zao miaka miwili tu kabla, na pesa ya kulipia kodi ilikuwa kwa mzungu yuleyule.

Wajerumani hao walirudi katika siasa zetu kwa mlango mwingine. Baada ya Muungano wa 1964 zilikuwapo Ujerumani mbili, na kila moja ilitaka Tanzania iikane nyenzake. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki. Ujerumani Magharibi ikatishia, na mwanzoni mwa 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na misaada mingine yote iliyobaki. Nchi ilikuwa maskini sana, na fedha zile zilihitajika. Lakini yule yule Nyerere mwaka 1956 alikuwa amesimama mbele ya Umoja wa Mataifa akieleza jinsi kizazi cha Maji Maji kilivyopigana kwa kuwa hakikukubali kwamba mgeni ana haki ya kukitawala. Naamini aliyasema yale kwa dhati, na mwaka 1965 ulipofika akayalipia.

Njia ya Masasi hupita Mnazi Mmoja na Ndanda, na kando yake akina mama huuza ming'oko, viazi vya porini vinavyochimbwa msituni na kuchemshwa. Ni chakula kitamu, na pia ndicho kilichookoa watu nyakati za njaa. Masasi nikabadilisha gari kwenda Nachingwea.

Nachingwea ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Ukiitazama tu ni mji wa wilaya kama mingine: soko, stendi, magunia ya korosho yakingoja mnada. Lakini barabara zake ni pana na zimenyooka kuliko mji wenyewe unavyohitaji, na hilo lina sababu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikosa mafuta ya kupikia, wakaamua kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa. Walileta matingatinga, wakang'oa misitu, wakajenga reli kutoka pwani na bandari ya kina kirefu Mtwara. Mradi ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36. Wenyeji walikuwa wamewaambia kuhusu mvua na udongo, na hawakusikilizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Bandari ikabaki, na mashamba yaliyopewa namba yakabaki pia.

Moja ya mashamba hayo ni Farm 17, na wenyeji wanapaita hivyo hadi leo. Tangu mwaka 1965 palikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji.

FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vikiungana. Nyuma yake kulikuwa na kisa cha Mueda, uwanda wa Wamakonde ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. FRELIMO ilitaja waliouawa kuwa zaidi ya 600, na wanahistoria wengine hutaja idadi ndogo kuliko hiyo. Kwa Wamakonde wa pande zote mbili hesabu haikubadili kitu, kwani kila ukoo ulikuwa na ndugu upande wa pili. Tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za vita zililia pale Chai, Cabo Delgado.

Kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, alikuwa profesa aliyefundisha Syracuse, Marekani, na kufanya kazi Umoja wa Mataifa. Alianza kwa kuamini kwamba Marekani, nchi iliyozaliwa kwa kumkataa mfalme wa Uingereza, ingeelewa. Alikutana na Robert Kennedy, na taasisi ya Ford ikatoa fedha kwa ajili ya shule ya FRELIMO Dar es Salaam. Hapo msaada uliishia. Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO tangu 1949, na ndege za Marekani zilihitaji uwanja wa visiwa vya Azores kutua zikivuka Atlantiki. Kati ya uwanja wa ndege na watu wa Mueda, Washington ilichagua uwanja. Mwaka 1971 Nixon alikubaliana na Lisbon kuhusu Azores kwa mikopo na misaada ya zaidi ya dola milioni 400, wakati Ureno ilikuwa ikitumia sehemu kubwa ya bajeti yake kwa vita vya Afrika.

Kwa hiyo silaha zikatoka upande wa pili, na upande wa pili nao ulikuwa umepasuka. Umoja wa Kisovyeti na China walikuwa maadui wakubwa katika miaka ileile, na kila mmoja alitaka vyama vya ukombozi vimtukane mwenzake. Afrika kusini mwa Sahara ilijaa vyama vilivyogawanyika kwa sababu hiyo, kimoja cha Moscow, kingine cha Beijing. Nachingwea wakufunzi wa Kichina walifundisha vita vya msituni huku bunduki za Kisovyeti zikiteremshwa bandarini Dar es Salaam, zikipitia mikono ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na jeshi letu. FRELIMO ilipokea kwa wote wawili, ikakataa kuwa ya mmoja. Mwaka 1971 Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO aliyewahi kuiongoza kambi hii, alikwenda Beijing na Moscow mwaka uleule, na kote akarudi na msaada.

Watu hupenda methali ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo wanapozungumzia enzi zile. Nikiwa Farm 17 niliona kwamba methali hiyo haitoshi. Waliokuwa hapa walikuwa na mpango wao kabla ya mkubwa yeyote kuja, na walijua kila mkubwa anatafuta nini. Walichukua bunduki, wakabaki na uamuzi. Hilo lilihitaji akili na nidhamu kubwa, na liliwezekana kwa sababu walikuwa na nchi nyuma yao iliyokataa kuuza nafasi hiyo. Nasema nchi, lakini maana yake halisi ni wilaya chache za kusini.

Leo eneo hilo lina shule ya sekondari. Wanafunzi walikuwa wakifagia uwanja nilipopita. Nje kidogo ya shule nilikaribishwa na bibi mmoja aliyekuwa akibangua korosho kwa jiwe, vidole vyeusi kwa utomvu. Wakati wa kambi alikuwa msichana.

"Tuliwaona wakikimbia asubuhi, wanaume kwa wanawake, wakiimba," aliniambia. Nilijua habari za kikosi cha wanawake cha FRELIMO, kilichoanza mafunzo hapa mwaka 1967, lakini nilikuwa sijawahi kumsikia mtu aliyewaona kwa macho. "Sisi tuliambiwa tusiulize, na mgeni akituuliza tuseme hatujui. Hatukujua basi. Hata mume wangu sikumwambia niliyoyaona nilipopeleka mihogo."

"Mlilipwa, bibi?"

Aliniangalia kwa muda. "Ulikuwa msaada, mjukuu wangu. Walikuwa wageni wetu."

Niliondoka pale nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Kwa miaka kumi watu wa wilaya hii walitunza siri ambayo majasusi wa Ureno, PIDE, walikuwa tayari kuinunua kwa fedha. Siri ya namna hiyo haitunzwi kwa amri ya serikali tu. Dar es Salaam, mahali penye polisi wengi na ofisi zote za vyama, bomu liliweza kumfikia Mondlane likiwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta, tarehe 3 Februari 1969. Kambi ya Nachingwea ilibaki salama hadi mwisho.

Kutoka Masasi barabara ya kusini-magharibi inakwenda Mangaka, na kutoka Mangaka lami inashuka hadi Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja. Lina urefu wa mita 720. Nyerere na Samora walilizungumzia mwaka 1975, na lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na marais wa wakati huo, Kikwete wa Tanzania na Guebuza wa Msumbiji. Nchi hizi mbili zililigharimia zenyewe, na kampuni ya Kichina ikalijenga. Nilisimama upande wetu nikiutazama Ruvuma. Kiangazi una mchanga mwingi kuliko maji, na mtu anaweza kuona jinsi wengi walivyouvuka kwa miguu.

Wameuvuka kwa zamu. Mwaka 1906 Chabruma, mtawala wa Wangoni wa Mshope, alivuka kwenda kusini akiwakimbia Wajerumani, akauawa hukohuko. Baada ya 1964 maelfu walivuka kuja kaskazini wakimkimbia Mreno, wakapokelewa Rutamba kule Lindi, Muhukuru kule Songea na vijiji vingi visivyo na jina la kambi. Ndege za Ureno ziliwafuata, na mabomu ya kutegwa ardhini yakazikwa kwenye njia za kwenda mtoni. Miongoni mwa ndege zilizoruka anga ya Msumbiji zilikuwamo Fiat G.91, ambazo Ujerumani Magharibi iliiuzia Ureno 40 mwaka 1966. Nilipolijua jambo hilo nilifikiria wazee wa kusini waliokuwa hai mwaka ule na waliokuwa watoto mwaka 1905. Katika maisha yao walitishwa na silaha za Ujerumani mara mbili, mara ya pili bila kumwona Mjerumani.

Askari wetu waliokufa katika vita vya Msumbiji wamelazwa Naliendele, Mtwara, na kila mwaka huwekewa mashada. Raia waliokanyaga mabomu wakienda kuchota maji hawana makaburi ya pamoja. Na mto haujatulia. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado inawaka tena, safari hii kwa watu wenye silaha wanaojificha nyuma ya dini, huku gesi asilia ya pwani yake ikiwavuta wakubwa wa dunia wa leo. Mwezi Oktoba 2020 waliivamia Kitaya, upande wetu. Watu wa kijiji kimoja cha Nanyumbu waliniambia kwamba wanavijua vita vyote hivi kwa dalili moja, nayo ni wageni wenye vifurushi vichwani wakitokea upande wa mto.

Tunduru nilipita haraka. FRELIMO ilikuwa na kituo cha watoto hapa, na hapa ndipo Samora alipofunga ndoa na Josina Muthemba mwezi Mei 1969. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Msumbiji huiadhimisha siku hiyo kuwa siku ya wanawake. Sikuona Tunduru kibao chochote chenye jina lake.

Songea ni mji wa baridi, wa mahindi na vilima. Makumbusho ya Maji Maji yako Mahenge, mtaa wa mjini hapa, si ile Mahenge ya Ulanga ilikovamiwa ngome. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 wa Kingoni, akiwamo Chifu Mputa Gama, wakawafukia katika shimo moja. Nduna Songea Mbano walimnyonga baadaye, peke yake, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Kila Februari mji hukusanyika kuwakumbuka. Nilisoma majina yote yaliyoandikwa, taratibu, moja baada ya jingine, kwa kuwa sikuwa na heshima nyingine ya kuwapa.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama mahali hapa, akaomba msamaha, akakutana na familia ya Mbano, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa bila kuhakikisha kitapatikana. Wapo wanaoona maneno hayo ni machache. Mimi naona yalikuwa na uzito, kwa sababu yalitamkwa Songea, mbele ya wajukuu wenyewe. Lakini msamaha ule uliwezekana kwa sababu majina yalikuwapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika vijijini na kuandika walichokumbuka wazee wa Maji Maji, na bila wao tungekuwa na taarifa za von Götzen tu.

Ya vita vya pili, vya Nachingwea na Ruvuma, hatujayatendea hivyo. SADC ilifanya kazi kubwa kupitia mradi wa Hashim Mbita, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi kuanzia 1972 hadi 1994, na mwaka 2014 ukatoka mkusanyo wa vitabu 9. Katika shule nilizopita kusini sikukuta hata kimoja. Hifadhi za nyaraka za Lisbon, Moscow, Beijing na Washington zinafunguliwa kidogo kidogo, na kila moja itasimulia vita hivi kama vyake: bunduki zilizotoka kwake, wakufunzi aliowatuma, uwanja wa ndege aliouhitaji. Bibi aliyepeleka mihogo Farm 17 hayumo katika hifadhi yoyote kati ya hizo.

Waliokuwa na miaka 15 vita vilipoanza sasa wamepita 75. Wewe unayesoma haya, kama una babu au bibi Nachingwea, Newala, Nanyumbu, Tunduru au Songea, nenda kwake mwaka huu. Muulize nani alivuka mto, nani aliwapokea, nani hakurudi. Andika majina kwa Kiswahili au kwa lugha yake, weka tarehe, na upeleke nakala shule ya karibu.